Maswali ya Wasomaji: Saruji Iliyogandia Ndooni

Katika toleo lililopita tulieleza uwiano wa saruji na mchanga katika plasta ya nje, na tulidhani barua zitakazokuja zitahusu mchanga. Badala yake nyingi zimehusu ndoo. Zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma, baadhi kwa mafundi na baadhi kwa wenye nyumba. Nimezisoma kwa furaha, kwa sababu nimefanya kazi ya plasta miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na ninajua hasara ambayo ndoo chafu humletea fundi asiyeichunguza. Nimechagua sita. Barua nyingine ziliuliza mambo yale yale, na waandishi wake watapata jibu lao humu.

*Kwako Mhariri. Mimi ni fundi wa plasta hapa Nakuru, upande wa Free Area. Nina ndoo sita za lita 20, zile zilizokuwa za rangi, pamoja na makarai mawili. Jioni vijana huziosha kwa maji kidogo tu, kwa kuwa tunakojenga maji huletwa kwa mkokoteni na hununuliwa kwa mtungi. Baada ya miezi minne ndoo zimefanya ukoko wa unene wa vidole viwili, chini na kwenye kona. Nimejaribu nyundo na patasi asubuhi kabla ya kazi, na ndoo mbili zimepasuka. Je, kuna dawa ya kuyeyusha simiti iliyokauka?*

Ndugu Fundi, nitaanza na neno lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi. Saruji haikauki, bali hushika. Tope hukauka, na ukilitia maji hurudi kuwa tope. Saruji hufanya kinyume: huyanywa maji, huungana nayo, na kuzaa kitu kipya ambacho ni jiwe. Ndiyo maana hushika hata ikiwa imezama ndani ya maji, na ndiyo maana kuloweka ndoo yenye ukoko wa miezi minne hakukusaidii. Ukoko huo ukiutia maji kila siku huzidi kukomaa. Kwa saruji ya daraja la nguvu la 32.5, ambayo ndiyo wengi wetu hununua kwa plasta, kiwango cha ubora kinataka isianze kushika kabla ya dakika 75. Kwa hiyo una muda wa zaidi ya saa moja ambao ndani yake maji bado ni dawa. Baada ya hapo kuna kipindi kifupi ambapo mabaki huwa magumu kiasi cha ugali uliolala, na kipande cha ubao huyang'oa kwa urahisi. Kipindi hicho kikipita, umebaki na jiwe.

Kuhusu dawa ya kuyeyusha, ipo, lakini haiwezi kazi unayotaka kuipa. Asidi yoyote hula saruji. Siki ya dukani ni asidi ya asilimia 5 hivi, na hesabu yake ni rahisi: lita moja ya siki ikitumika yote hadi nguvu yake iishe haimalizi zaidi ya gramu 30 hivi za chokaa. Ukoko wako wa vidole viwili una uzito wa kilo kadhaa katika kila ndoo. Utanunua siki ya thamani kubwa kuliko ndoo mpya, na mchanga uliomo ndani ya ukoko utabaki pale pale, kwa sababu mchanga hauliwi na siki. Siki ni ya utando mwembamba, ule mweupe unaobaki baada ya mabaki mazito kutoka.

Mabaki mazito hutolewa kwa mkono, na hapa saa ya kufanya kazi hiyo ina uzito kuliko nguvu utakayotumia. Plastiki ya ndoo na saruji hazigandamani kwa kweli. Saruji hushikilia mikwaruzo na kona, basi. Tena plastiki ya namna hiyo hupanuka kwa joto mara kumi au zaidi kuliko saruji. Asubuhi ya Nakuru, katika mwinuko wa karibu mita 1,850, plastiki imenywea kwa baridi, imekumbatia ukoko na imekuwa ngumu, na pigo la nyundo linalokusudiwa saruji huishia kwenye ndoo. Nina hakika ndoo zako mbili zilipasuka kwa sababu hiyo.

Ngoja jua. Ilaze ndoo juani tangu saa nne, uigeuze mara moja ili upande wa pili nao upate moto, na kufika saa saba au saa nane utakuta ukuta wake umelegea chini ya kidole. Hapo ilaze ubavu juu ya mchanga, weka goti lako juu yake na ubonyeze taratibu, kisha uizungushe robo na kubonyeza tena. Utasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, na mara ya pili au ya tatu utaona ufa mweusi umefunguka kati ya ukoko na plastiki. Usiingize patasi katika ufa huo. Ifudikize ndoo, na uipige kitako chake kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao, pigo fupi fupi, ukianzia pembezoni kuelekea katikati. Ukoko wa chini mara nyingi hutoka mzima kama sahani. Wa kwenye kona huenda ukabaki, nawe urudie kesho yake. Usifanye kazi hii bila miwani ya kinga, kwa kuwa kipande cha saruji kinachoruka hakichagui pa kutua.

Nimekukataza patasi kwa sababu nyingine pia. Kila mkwaruzo unaouacha ndani ya plastiki ni mahali papya pa saruji kushika kesho. Brashi ya waya ina kosa hilo hilo. Tumia brashi ya katani, au kipande cha ndoo kuukuu kilichokatwa kama mwiko, ambacho hakina ugumu wa kuikwaruza plastiki mwenzake.

Makarai ni habari nyingine. Chuma na saruji hupanuka karibu sawa, kwa hiyo jua halikusaidii. Lifudikize karai na ugonge mgongo wake kwa mti, ukizunguka, hadi ukoko uachie. Ukilisugua ndani kwa waya utakuwa unaondoa zinki iliyolipaka, na kutu itaingia.

Sasa nije kwenye maji, kwa sababu naona chanzo chote cha shida yako ni mtungi unaonunuliwa. Tuseme vijana wako wanatumia lita tatu kwa mkupuo mmoja, wanazungusha na kumwaga. Chukulia kwamba baada ya kumwaga, robo kasoro ya lita ya uji hubaki imeng'ang'ania ukutani, tuseme mililita 200. Kwa lita tatu za mkupuo mmoja, sehemu moja kati ya kumi na sita ya saruji hubaki ndooni. Lita zile zile tatu ukizigawa, moja baada ya nyingine, ukisugua na kumwaga kila mara, kinachobaki ni sehemu moja kati ya mia mbili na kumi na sita. Maji ni yale yale na gharama ni ile ile. Tena lita ya kwanza, iliyo nzito, si ya kumwaga chini: itie katika mchanganyiko unaofuata wa plasta ya rafu siku hiyo hiyo, uipunguze katika maji ya kukorogea. Waoshe pia saa nne wakienda chai na saa saba wakienda chakula, wasingoje jioni, kwa kuwa dakika 75 nilizotaja hazingoji. Na tafadhali wanunulie glavu. Uji wa saruji una ukali wa kuunguza ngozi, na ubaya wake ni kwamba hauchomi papo hapo. Kijana huhisi usiku, ngozi ikiwa imekwisha kulika.

*Kwa Mhariri. Ninamsaidia fundi wa dari za jipsamu huku Kisumu. Asubuhi mchanganyiko wa kwanza hutupa kama dakika ishirini za kufanyia kazi, lakini ikifika saa sita unashika kwa dakika tano, wakati mwingine bado uko ndooni. Fundi wangu anasema ni joto la Kisumu. Mimi nashuku mfuko umeharibika. Nani ana haki?*

Kijana wangu, huenda nyote wawili mmekosa, ingawa fundi wako amekosa kidogo kuliko wewe. Joto huharakisha ushikaji, ni kweli, lakini halipunguzi dakika ishirini kuwa tano katika muda wa saa nne. Mfuko ulioharibika nao ungeanza kukusumbua tangu asubuhi. Nenda ukaiangalie ndoo.

Mimi nilifunzwa jambo hili kwa uchungu. Nikiwa kijana kama wewe, katika nyumba moja ya Nakuru, tulikuwa tukipiga urembo wa pembeni mwa dari ya sebule, na mimi ndiye niliyekuwa nikikoroga. Mchanganyiko wa nne ulishika ukiwa juu ya mwiko wa fundi, kabla hajaunyanyua kufika darini. Alinitazama tu, akashuka ngazi, akachukua ndoo, akapitisha kucha ya kidole gumba ukutani mwake ndani, akanionyesha unga mweupe uliokusanyika chini ya kucha. Hakusema neno. Siku ile tulipoteza nusu ya mfuko, na sijawahi kukoroga jipsamu katika ndoo chafu tangu hapo.

Sababu yake ni hii. Jiwe la jipsamu lina maji ndani ya umbile lake. Kiwandani huchomwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 150, likapoteza robo tatu ya maji hayo, likasagwa kuwa unga. Unapoutia maji, unga huo hurudi kuwa jiwe lile lile la zamani, kwa kuota fuwele ndogo ndogo kama sindano zinazosokotana. Kuota kwa fuwele huhitaji mahali pa kuanzia. Mabaki yaliyoshika katika ndoo yako ni fuwele zilizokwisha kukomaa, na kila punje yake inakuwa mbegu. Unga mpya ukizikuta mbegu hizo hauna haja ya kungoja. Watengenezaji wenyewe wanapotaka jipsamu ishike upesi huitia jipsamu iliyoshika, ikiwa imesagwa. Kwa hiyo ninyi mnatia dawa ya kuharakisha bila kujua, na kila mchanganyiko huacha mbegu nyingi kuliko uliotangulia, ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi kadiri siku inavyokwenda.

Hapa ndipo jipsamu inapotofautiana na saruji. Mabaki ya saruji yaliyoshika yana ubaya wake, kwa kuwa vipande huachia na kuchora mistari kwenye plasta ya finishi, lakini hayatakunyang'anya muda wako kwa kiasi hiki. Kwa jipsamu, hata utando usioonekana vizuri unatosha. Yale maji ya kwanza ya kuoshea niliyomruhusu fundi wa Nakuru kuyarudisha katika mchanganyiko, wewe usiyarudishe kamwe. Tena chunguza kosa ambalo wasaidizi wengi hulifanya bila kuliona: mwiko hutumbukizwa katika pipa la maji ili usafike, kisha maji ya pipa hilo hilo huchotwa kukorogea. Pipa zima linakuwa la mbegu, na hapo hata ndoo mpya kutoka dukani haitakuokoa. Weka chombo cha kuoshea mbali na cha maji ya kukorogea, na mwenye kukichanganya akaripiwe.

Ukitaka kumthibitishia fundi wako kwa heshima, bila kubishana naye, nunua ndoo moja safi, uchote maji safi, ukoroge saa sita mchana juani kiasi kidogo kutoka mfuko ule ule, uangalie saa. Dakika zikirudi kuwa kumi na tano au zaidi, ndoo yenyewe imejieleza.

Kuisafisha ni rahisi kuliko saruji, ukijua njia. Siki na asidi nyingine hazina faida kwa jipsamu, usizipotezee fedha. Maji huiyeyusha kwa polepole sana, kiasi cha gramu 2 hivi kwa lita, kwa hiyo usitarajie ukoko uyeyuke. Hata hivyo maji huulainisha. Jaza ndoo maji baridi jioni, ilale hadi asubuhi, mwaga, ibonyeze ubavuni, na ukoko utavunjika kama biskuti iliyoloa chai. Malizia kwa kitambaa, kisha pitisha kucha kama alivyofanya fundi wangu. Kucha ikitoka safi, ndoo ni safi. Jipsamu hukwaruzika kwa kucha na saruji iliyokomaa haikwaruziki, na hicho ndicho kipimo rahisi cha kutambua ni ipi iliyogandia ndooni, iwapo ndoo imepita mikononi mwa wengi. Kazini uwe na ndoo mbili za kukorogea, moja ikitumika nyingine inaoshwa.

*Mhariri, salamu kutoka Kakamega. Fundi aliyenipigia plasta ya jikoni alitumia ndoo yangu ya maji ya kunywa na sufuria yangu kubwa ya alumini nikiwa shambani. Nimerudi nikakuta zote zina simiti. Jirani amenishauri nimwagie asidi ya betri. Nifanye nini, na je, vyombo vitarudi jikoni?*

Pole sana, mama. Kwanza asidi ya betri iache kabisa, na umwombe jirani naye aiache. Ni kali ya kupofusha na kuunguza, na isitoshe haifai hata kwa kazi yenyewe, kwa kuwa ikikutana na chokaa ya saruji hutengeneza jipsamu, nayo hukaa juu ya mabaki kama gamba na kuyakinga. Asidi nyingine kali za dukani huondoa saruji kweli, lakini hutoa mvuke unaokata pumzi, na zikigusana na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini hutoa gesi ya sumu. Nyumba yenye watoto haina haja ya chupa hiyo.

Sufuria ndiyo inayonisikitisha zaidi. Saruji mbichi hula alumini. Ukiitia humo utaona vipovu vidogo, ambavyo ni gesi ya haidrojeni, na ukiondoa mabaki utakuta madoa meusi na vishimo. Ng'oa ukoko kwa kugonga sufuria kwa nje na mwiko wa mbao wa ugali. Usitumie siki wala magadi, kwa kuwa vyote viwili vitaendelea kuila. Ikiwa sehemu ya ndani imebaki laini na yenye kung'aa, chemsha maji ndani yake mara mbili uyamwage, kisha uipikie. Ikiwa imetoboka vishimo, itumie kuchemshia maji ya kuoga au kulishia kuku. Vishimo hushika chakula, na hakuna msuguo utakaovimaliza.

Ndoo ya plastiki utaweza kuisafisha kwa njia ya jua niliyoeleza juu, na utando mweupe utakaobaki utaupaka siki kwa kitambaa, uungoje nusu saa, usugue, usuuze mara tatu. Itapendeza. Lakini mimi nisingeirudisha kwenye maji ya kunywa. Fundi hukoroga kwa sepetu na mwiko wa chuma, na mikwaruzo aliyoiacha ndani huficha uchafu ambao hauoshwi ukaisha. Ifanye ya kufulia au ya kudekia, na gharama ya ndoo mpya ya kunywea ni haki yako kumkata fundi. Ninasema hivi kama mtu wa upande wa mafundi: kuchukua chombo cha jikoni cha mwenye nyumba bila ruhusa ni utovu wa adabu, na hakuna dharura ya kazini inayouhalalisha. Siku nyingine mpatane kabla ya kuanza kwamba atakuja na ndoo zake.

Jambo la mwisho kwako. Wakati wa kusugua, maji ya saruji yakikurukia jichoni, usiyatie siki wala ndimu kwa kudhani yatapozana. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini bila kukatisha, kisha uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

*Hapa Bungoma tuko karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia, na wafugaji hununua molasi kwa ajili ya ng'ombe. Mzee mmoja alituambia kwamba sukari huua simiti, nasi tukacheka. Je, ni kweli?*

Ni kweli, na mzee huyo mkamwombe radhi. Sukari huzuia saruji kushika, na kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu. Gramu 25 za sukari zikiingia katika mfuko mmoja wa kilo 50 zinatosha kuichelewesha kwa saa kadhaa, na zikizidi sana huenda isishike inavyopaswa. Madereva wa malori ya kubeba zege wanalijua hili: lori likiharibika njiani, sukari humwagwa ndani ili zege isigeuke jiwe ndani ya pipa.

Kwa ndoo, tumieni hivi. Vijiko viwili vya sukari au molasi katika lita moja ya maji, mkanyunyize ndani ya ndoo mara baada ya kuimwaga, pale mnapojua kwamba hamtapata nafasi ya kuiosha kwa saa moja au mbili. Mabaki yatabaki tope na yataoshwa baadaye bila shida. Ukoko wa zamani nao hulainika ukilowekwa katika molasi nzito, kwa kuwa sukari huiyeyusha chokaa, lakini ni kazi ya siku nyingi na ya ukoko mwembamba. Ninawasihi tu mwe waangalifu: chombo cha maji ya sukari kiwekwe alama na kiwe mbali na mahali pa kukorogea, na ndoo iliyonyunyizwa isuuzwe vizuri kabla ya kutumika tena. Nimeona ukuta ambao plasta yake ilikuwa ikichomoka kwa kidole siku ya tatu, na chanzo chake kilikuwa mtungi wa chai ya kazini uliomwagwa maji yake katika pipa. Ilibidi ukuta wote ubanduliwe.

*Mafundi walioniwekea vigae na plasta hapa Kisumu waliosha ndoo zao bafuni. Wiki mbili baadaye maji hayashuki. Nani wa kulaumiwa, na nifanye nini?*

Wa kulaumiwa ni aliyeosha. Saruji hushika chini ya maji, kama nilivyoeleza mwanzo, kwa hiyo ilitulia katika kona ya bomba na kuwa jiwe humo humo. Usimwage asidi. Fungua kifuniko cha ukaguzi kilicho karibu na umwite fundi bomba akate sehemu iliyojaa, maana kwa kawaida ni ile kona ya kwanza chini ya bafu, na kipande kipya cha bomba kitakugharimu kidogo kuliko majaribio.

Kwa watakaojenga baadaye, wawekeeni mafundi pipa moja la kuoshea tu. Ndoo zote zioshwe humo, pipa litulie usiku kucha, na asubuhi maji ya juu yatakuwa meupe na safi kwa macho. Hayo yatumike tena kuosha ndoo. Yasimwagwe kwenye mtaro, kwa kuwa bado ni makali, na mitaro ya Kisumu hatima yake ni Ghuba ya Winam, ambako samaki tunaowala huzaliwa. Matope ya chini yachotwe kwa sepetu, yaachwe yashike, na yajaze mashimo ya njia ya kuingilia uani. Pipa la jipsamu liwe lake peke yake.

*Je, nipake ndoo oili chafu ya gari ndani ili simiti isishike? Fundi, Njoro.*

Hapana, ndugu yangu. Oili huzuia saruji kushika ndoo, lakini hupanda pia kwenye plasta, na huko hutoa madoa ya manjano ambayo rangi haiyafichi, pamoja na sehemu ambazo rangi haishiki. Mgongo wa karai unaweza kuupaka kidogo ukitaka. Ndani, loanisha ndoo kwa maji safi kabla ya kuimwagia mchanganyiko wa kwanza, na uiloanishe tena kila unapoirudisha kazini.